Usipake Kabla Hujaangaliwa

Kama uko Mapera umetoka kuchuma kahawa, kama uko Litembo unaota moto, au kama uko Mbamba Bay na Liuli unashona nyavu kabla ya kuingia ziwani, karibu tuzungumze.

Leo nazungumzia ngozi. Najua yupo atakayesema: magonjwa yote haya, huyu kaona atuletee habari za vipele? Ndiyo, vipele. Mtu akishikwa na homa, kesho yake asubuhi yuko kwenye benchi la zahanati. Akianza kuwashwa, hujikuna msimu mzima. Siku akichoka anakwenda duka la dawa, anasimama dirishani na kusema, "Nipe ile ya kupaka." Anapewa tyubu, analipa, anaondoka. Shati halijavuliwa, hakuna aliyeuliza muwasho umeanza lini wala nyumbani anawashwa nani mwingine.

Hoja yangu ni moja. Utafiti wa magonjwa ya ngozi umebadili tiba kuliko tunavyodhani, na sehemu nzuri ya mabadiliko hayo imepita hapa hapa kwetu. Lakini faida yake haitufikii kwa sababu tunakimbilia kupaka wakati ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Tuanzie nyumbani. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye historia ya usubi, pamoja na Mahenge, Tukuyu na Tanga. Ugonjwa huu huenezwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na milima hii yetu haijawahi kupungukiwa na mito ya namna hiyo. Inzi akikuuma anakuachia minyoo michanga. Ikishakomaa, hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi, na mnyoo jike anaweza kuishi humo zaidi ya miaka kumi akizaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutambaa ndani ya ngozi, na vinapokufa mwili huchachamaa. Hapo ndipo mtu anajikuna kwa kucha, kwa gunzi, kwa jiwe. Ngozi inakuwa nene na yenye makunyanzi, na kwenye miguu inabaki na madoa meupe.

Kwa miaka mingi wakubwa wa afya duniani waliuhesabu ugonjwa huu kwa macho. Waliuita upofu wa mtoni. Mwaka 1974 ulipoanzishwa mpango mkubwa wa kupiga dawa kwenye mito ya Afrika Magharibi, kipimo cha madhara kilikuwa idadi ya vipofu. Sehemu ambako watu walikuwa wakiwashwa zaidi kuliko kupofuka zilionekana zina nafuu.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa chini ya Shirika la Afya Duniani walifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa zamani: walikwenda vijijini, katika nchi kadhaa za Afrika, wakaangalia ngozi za watu na kuwauliza maisha yao. Wakakuta kwamba muwasho ndiyo kero ya kwanza. Watu hawalali. Watoto darasani mikono iko mgongoni, haiko kwenye daftari. Msichana mwenye ngozi iliyoharibika anakosa mchumba. Madhara yalipopigiwa hesabu upya, sehemu kubwa ya mzigo wote wa ugonjwa ilitokana na ngozi. Hesabu hiyo ilichangia kuanzishwa, mwezi Desemba 1995, kwa mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, na safari hii nchi zetu za mashariki na kati ziliingizwa, Tanzania ikiwemo.

Dawa yenyewe, ivermektini, ilitokana na kidudu cha udongoni kilichopatikana Japani na Satoshi Ōmura, na William Campbell akaifanyia kazi Marekani. Kwanza ilitumika kwa mifugo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, na mwaka 2015 wanasayansi hao wawili walipata Tuzo ya Nobel.

Jinsi dawa hiyo inavyogawiwa nayo ina somo. Anayegawa ni mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake. Anabeba fimbo ndefu yenye alama. Unasimama wima, visigino chini, fimbo inawekwa kando yako, na kichwa chako kinapogota ndipo panaposema utameza kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne. Mizani haihitajiki. Mtoto ambaye urefu wake haujafika sentimita 90 hapewi, mjamzito naye hapewi. Na kwa kuwa dawa haimwui mnyoo mzazi, bali watoto wake, unarudia kila mwaka hadi mzazi azeeke na kufa. Wanaokataa kumeza mwaka wa tatu au wa nne kwa kusema "mimi siwashwi tena" ndio wanaoupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Msikilizaji, dawa hiyo ikafungua mlango mwingine: upele. Ule upele wa kuwasha usiku, unaojificha katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri. Unatokana na kidudu kidogo kinachochimba ngozi na kutaga mayai. Mtu akiupata kwa mara ya kwanza, muwasho huanza baada ya wiki nne hadi sita, maana yake siku anayoanza kujikuna tayari ameshawagawia aliolala nao. Hivyo mama anayempaka mtoto mmoja dawa ya upele ya BBE na kuwaacha wengine kitandani anapoteza dawa yake. Tiba ya upele ni ya nyumba nzima, siku moja, hata kwa asiyewashwa, na nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani.

Utafiti umekwenda mbele zaidi. Zanzibar, ambako ivermektini ilitolewa kwa wananchi wote tangu mwaka 2001 kwa ajili ya kutokomeza matende, rekodi za vituo vya afya zilionyesha wagonjwa wa upele wamepungua mno, ingawa hakuna aliyekusudia kutibu upele. Huko Fiji, visiwa vya Pasifiki, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba jamii nzima ikimeza dawa hiyo, upele hushuka kutoka watu 32 katika kila 100 hadi wawili baada ya mwaka mmoja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likauingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Na asidhani mtu kwamba upele unaishia kwenye ngozi. Unapojikuna unafungua vidonda, bakteria wanaingia, na bakteria hao wanaweza kumletea mtoto ugonjwa wa figo.

Sasa niuguse ugonjwa ambao watu huuogopa hata kuutaja: ukoma.

Bakteria wa ukoma aligunduliwa na Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Wazee wetu waliowahi kuona makazi ya wakoma yaliyokuwa yakiendeshwa na misheni za kusini mwa nchi hii wanajua mtu alikuwa akipelekwa huko, na familia inabaki kumsimulia kama marehemu. Tiba ilikuwa dawa moja, dapsoni, ya kunywa miaka na miaka, na mwishowe vidudu vikaizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za mchanganyiko, na Tanzania ikazianza miaka hiyo hiyo ya 1980. Leo mgonjwa anapewa pakiti ya mwezi, anakunywa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya aina ya ukoma wake, anapona. Dawa ni bure. Hahamishwi nyumbani kwake. Hatengewi sahani. Akishaanza dawa, ndani ya muda mfupi haambukizi tena.

Tanzania ilifikia kiwango cha kimataifa cha kuutokomeza ukoma kitaifa mwaka 2006. Neno hilo lilitufanya tulale. Kiwango hicho maana yake ni mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu elfu kumi. Si kwamba umekwisha. Hadi miaka ya karibuni nchi yetu imekuwa ikigundua wagonjwa wapya zaidi ya elfu moja kwa mwaka, na baadhi yao huja wakati vidole vimeshakunjamana.

Kwa nini wanachelewa? Kwa sababu baka la ukoma haliumi wala haliwashi. Kwenye ngozi zetu huonekana limepauka kidogo au lina rangi ya shaba. Mtu analipaka mafuta, analipaka dawa ya fangasi, analipaka kila kitu. Na kipimo cha kwanza hakihitaji hata mashine. Mganga anachukua pamba, anaisokota ncha iwe nyembamba kama uzi. Anakuonyesha kwanza macho yakiwa wazi: nikikugusa hapa, onyesha kwa kidole. Kisha unafumba macho. Anagusa shavuni, unaonyesha. Anagusa mkononi, unaonyesha. Anagusa katikati ya baka, nawe umekaa kimya, unasubiri kuguswa. Ukimya huo ndio jibu. Halafu anapapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti, kuona kama imevimba. Dakika kumi, na pamba ya kushika kwa vidole viwili, zinaweza kuokoa mkono wa mkulima.

Hatua mpya ni ya kinga. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wanaoishi na mgonjwa wapewe dozi moja ya rifampisini ili kupunguza uwezekano wa kuugua. Tanzania, pamoja na Msumbiji na Ethiopia, imeshiriki utafiti wa kulinganisha njia mbili za kuwafikia watu hao: kuwaita kituo cha afya, au kufungua kambi ya ngozi kijijini ambapo kila mtu anaangaliwa magonjwa yote ya ngozi kwa pamoja. Mimi naipenda hiyo kambi kwa jambo moja: anayekwenda hajulikani amefuata nini. Mwenye mapunye, mwenye choa na mwenye baka la kutilia shaka wote wako mstari mmoja, na aibu inakosa mtu wa kumshika.

Hapo sasa turudi dirishani, kwenye ile tyubu.

Krimu nyingi zinazouzwa kwa haraka zina dawa za jamii ya steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, mara nyingine zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo. Steroidi ni dawa nzuri sana mahali pake. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akiandikiwa ya nguvu ndogo, kwa siku zilizopangwa, analala usingizi. Lakini ipake kwenye choa, uone. Siku tatu muwasho umeisha, unasifu dawa. Ni makaa yaliyofukiwa kwenye majivu. Fangasi inaendelea kutanuka, ile duara yake inapotea, na hata mganga akija kuiona inamchanganya. Wakati huohuo ngozi inakonda, inapata michirizi isiyoondoka, uso unajaa chunusi, na ikipakwa karibu na macho muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho. Mapunye ya kichwani nayo hayatibiki kwa kupaka peke yake, kwa sababu fangasi imeingia hadi kwenye shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

Na wapo wanaozitafuta krimu hizo makusudi, kwa sababu zinang'arisha. Mkorogo. Humo utakuta steroidi, haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvisimamia iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Marufuku ipo, bidhaa nazo zipo gulioni. Binti yangu unayenisikiliza, ngozi yako haina kosa la kusahihishwa.

Kuna kundi moja tu ambalo naliambia: pakeni, tena kila asubuhi. Ni ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam, Luande na wenzake, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa jua huanza kuiharibu ngozi ya mwenye ualbino tangu utotoni, na kwamba saratani ya ngozi inawakuta wangali vijana. Kinga yao ni losheni ya kuzuia jua, kofia pana, mikono mirefu na kuangaliwa ngozi mara kwa mara ili kidonda kidogo kiondolewe mapema. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ilianza kutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao, iliyofikiriwa kwa jua la hapa na kugawiwa bila malipo. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hiyo, usimpange mchana kwenye shamba la shule. Jua linalopiga juu ya maji ya Ziwa Nyasa halina huruma.

Nimeitaja Moshi. Mwaka 1992 palianzishwa hapo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Waliokianzisha, akiwemo Profesa Terence Ryan wa Oxford na mkuu wake wa kwanza, Profesa Henning Grossmann, walitazama hesabu wakaona mabingwa wa ngozi hawatatosha hata kwa miaka mia. Wakaamua kuwafundisha matabibu na wauguzi, kwa miaka miwili, kisha warudi wilayani. Wamekuja wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadaye kituo kikaanza kusomesha hata mabingwa. Tafiti zilizofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa miaka ya 1990 zilikuta kiasi cha mtu mmoja kati ya watatu au wanne ana ugonjwa wa ngozi unaoonekana, na mwingi ni wa kuambukiza na wa kutibika. Kwa mzigo wa namna hiyo, tabibu mmoja aliyefundishwa vizuri aliyeko Mbinga ana thamani kuliko mabingwa watano walioko Dar es Salaam.

Elimu hiyo ilikuwa na sababu nyingine. Vitabu vingi vya ngozi vya Ulaya vilisema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Utaona weusi uliozidi, zambarau au kijivu. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari huko London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alitoa na walimu wake kitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu hakuwa akifundishwa hayo. Na sasa zinapokuja programu za simu zinazodai kutambua ugonjwa kwa picha, swali letu liwe hilo hilo: zimefundishwa kwa ngozi za nani?

Ngozi inasema mengi mapema. Wenye umri wangu mnakumbuka mkanda wa jeshi ulivyokuwa dalili ya kwanza ya UKIMWI kwa vijana wengi. Na ni ngozi iliyotoa onyo juu ya dawa moja ya kifua kikuu, thiasetazoni. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Nairobi walionyesha kuwa wagonjwa wenye VVU walikuwa wakipata madhara makali kutokana nayo, ngozi ikichubuka mwili mzima, wengine wakifa. Dawa hiyo ikaondolewa kwa wagonjwa hao. Macho yaliyozoea kuangalia ngozi ndiyo yaliyookoa maisha.

Najua utaniambia, "Kituo kiko mbali, nauli ya bodaboda ni kubwa, nikifika naambiwa dawa hakuna." Ni kweli, na hilo wa kuulizwa ni viongozi. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi uzito unaostahili. Tulete azimio hilo kwenye vikao vyetu vya vijiji na vya kata: zahanati yetu ina BBE? Ina dawa ya mapunye ya kumeza? Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya amefika lini mara ya mwisho? Diwani aulizwe maswali hayo kama anavyoulizwa barabara.

Nawe sehemu yako ni ndogo. Jumamosi hii watoto wanapooga, wageuze migongo, uangalie mwanga ukiwepo. Ukikuta baka lililopauka, chukua pamba. Nyumba nzima ikijikuna, nendeni wote siku moja. Na ukisimama kwenye dirisha la duka la dawa, usitaje dawa. Taja tatizo, uulize linaitwaje. Muuzaji asipojua jina la ugonjwa, rudisha pesa mfukoni uende zahanati. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeyapaka rangi juu naye ni mficha maradhi.